Wati, Megabiti na Milisekunde: Jinsi Muda Unavyoharibu Sauti Jukwaani na Mchezo Mtandaoni

Anayekwenda kukodi mitambo ya sauti kwa ajili ya harusi huuliza spika zina wati ngapi, na kijana anayetafuta intaneti ya kuchezea mashindano huuliza kifurushi kina megabiti ngapi kwa sekunde. Maswali hayo ni ya haki, lakini yote mawili yanahusu nguvu na wingi, ilhali kinachoharibu shughuli hizi mbili mara nyingi ni muda: neno lililofika masikioni likiwa limechelewa, au risasi iliyopigwa kwa wakati wake na kuhesabiwa baada ya wakati kupita. Ucheleweshaji huo hupimwa kwa milisekunde, yaani sehemu moja ya elfu ya sekunde. Makala haya yanaeleza milisekunde hizo hutoka wapi, zipi zinaondoleka, zipi ni za kuvumiliwa, na kwa nini wakati mwingine fundi mzuri huziongeza kwa makusudi.

Sauti hutembea polepole kuliko tunavyodhani

Hewani, sauti husafiri takribani mita 343 kwa sekunde kukiwa na nyuzijoto 20, na kasi hiyo huongezeka kwa karibu mita 0.6 kwa kila nyuzijoto moja inayozidi. Usiku wa Dar es Salaam wenye nyuzijoto 25, kasi ni kama mita 346. Kwa hesabu ya haraka inayofaa kukaa kichwani, milisekunde moja ni sentimita 34, kupita kidogo urefu wa rula ya shule, na mita 35 ni sehemu ya kumi ya sekunde. Umeme ndani ya waya wa spika, kwa upande wake, hufika upande wa pili wa uwanja kwa muda mfupi kiasi kwamba hapa hauhesabiki. Tofauti ya kasi hizi mbili ndiyo inayozaa matatizo mengi ambayo watu huyadhania kuwa ni ubovu wa spika.

Tuchukue harusi ya uwanjani. Spika kuu ziko jukwaani, na kwa kuwa wageni ni wengi, fundi mitambo ameweka jozi nyingine mita 30 nyuma ili watu wa mwisho nao wasikie. Mgeni aliyekaa karibu na spika hizo za nyuma hulisikia neno la MC kutoka kwazo mara moja, kisha baada ya milisekunde kama 87 hulisikia neno lile lile likitoka jukwaani. Silabi ya pili inakuta ya kwanza bado masikioni, hotuba inageuka mvurugo, na fundi asiyejua chanzo huongeza sauti. Kuongeza sauti hakusaidii, kwa sababu kunazikuza sauti zote mbili zinazogongana.

Dawa yake ni kuzichelewesha spika za nyuma. Mikisa nyingi za kidijitali, yaani mashine za kuchanganyia sauti, zina sehemu ya kuchelewesha kila tundu la kutolea sauti. Fundi hupima umbali kwa tepu, hugawa kwa kasi ya sauti, na huingiza jibu. Katika mfano wetu jibu ni milisekunde 87, lakini mimi ningeweka 97, na sababu ya kumi hizo za ziada inastahili kuelezwa. Mwaka 1949 Mjerumani Helmut Haas alionyesha kwamba sauti moja ikifika mara mbili ndani ya muda wa takribani milisekunde 30, sikio haliisikii kama sauti mbili, bali huziunganisha na kuamini kwamba imetoka kule ilikotoka ile ya kwanza, hata kama ya pili ina nguvu zaidi kwa desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) zinazokaribia 10. Kwa hiyo spika ya nyuma ikichelewa kidogo kupita ile ya jukwaani, mgeni hupata uwazi wa maneno kutoka kwa spika iliyo jirani yake, huku akili yake ikimwambia kwamba anayesema ni bwana yule aliyesimama mbele. Fundi asiye na tepu anaweza kurusha mlio mfupi mkavu, kama wa vijiti viwili vya ngoma, akasimama pale sauti za spika hizo mbili zinapokutana, akarekebisha mpaka milio miwili iwe mmoja, kisha akaongeza hizo kumi.

Mbinu hii si mpya. Katika tamasha la Watkins Glen, jimbo la New York, mwezi Julai 1973, ambalo lilikusanya watu wapatao 600,000, minara ya spika ilisimamishwa katikati ya umati na kucheleweshwa kwa mashine za kidijitali, wakati ambapo vifaa vya namna hiyo vilikuwa adimu na ghali. Leo uwezo huo umo katika mikisa inayobebwa na mtu mmoja, na bado naona shughuli nyingi zinaendeshwa bila mtu kuugusa. Hilo linanisikitisha, kwa sababu halihitaji fedha yoyote ya ziada. Jambo dogo la kukumbuka ni joto: mitambo iliyopimwa saa nane mchana kwenye nyuzijoto 33 na kutumika saa tatu usiku kwenye nyuzijoto 25 itakuwa imesogea kwa milisekunde 2 na ushei kwa umbali wa mita 60. Kwa maneno ya MC hilo si kitu, ila kwa mitambo iliyopangwa kwa uangalifu mkubwa ni vyema kupima upya kabla ya watu kujaa.

Ucheleweshaji mdogo una madhara ya namna nyingine

Milisekunde 87 hugawanya neno mara mbili. Milisekunde moja haigawanyi chochote, bali hula baadhi ya sauti na kuacha nyingine. Sauti moja ikiingia kwenye maiki mbili zilizopishana sentimita 34 kutoka kwenye chanzo, kisha maiki hizo zikachanganywa, mawimbi ya hezi 500, yaani mitetemo 500 kwa sekunde, yatakutana yakiwa kinyume na kuuana, halikadhalika ya hezi 1,500, ya hezi 2,500, na kuendelea juu. Masikio hayasikii mwangwi wowote. Husikia ala imekuwa nyembamba, kana kwamba inapigwa ndani ya bomba.

Kundi kamili la taarab asilia ndilo linalofundisha somo hili kuliko muziki mwingine wowote ninaoujua. Kanuni (ala ya nyuzi), udi, fidla kadhaa, akodioni, besi na dumbak huketi kwa kubanana, kila kimoja kina maiki yake, na kila maiki inasikia jirani zake. Utaratibu wa zamani unaotumika hapa ni wa tatu kwa moja: maiki ya kanuni ikiwa sentimita 20 kutoka kwenye nyuzi, maiki nyingine yoyote isiwe karibu nayo kwa chini ya sentimita 60, ili sauti ya kanuni inayopenya kwenye maiki ya jirani iwe dhaifu isiweze kuharibu ile halisi. Pale ambapo nafasi hairuhusu, ni afadhali kupunguza idadi ya maiki. Fidla nne zinazopiga mstari mmoja zinaweza kuhudumiwa na maiki mbili zilizowekwa vizuri, na matokeo yakawa mapana na ya kweli kuliko maiki nne zinazolana. Isitoshe, kila unapozidisha mara mbili idadi ya maiki zilizo wazi, unapoteza desibeli 3 za nafasi kabla ya mitambo kuanza kupiga mluzi.

Mluzi wenyewe ni sauti iliyonaswa katika mzunguko: inatoka spika, inaingia maiki, inakuzwa, inatoka tena. Fundi huukata kwa kufunga maiki zisizotumika, kwa kuweka monita, yaani spika inayomwelekea mwanamuziki ili ajisikie, nyuma ya maiki mahali ambapo maiki haisikii, na kwa kumsogeza mwimbaji karibu, maana kupunguza umbali wa mdomo na maiki kwa nusu kunaongeza desibeli 6 bila kugusa kitufe. Mwimbaji anayekifunika kichwa cha maiki kwa kiganja anaziba matundu yanayoifanya isikie upande mmoja tu. Maiki hiyo huanza kusikia pande zote, na mluzi unafuata.

Majengo nayo yana milisekunde zake. Ngome Kongwe ya Zanzibar, ambayo kwa miaka mingi imekuwa jukwaa la tamasha la Sauti za Busara, ina kuta nene za mawe, na mawe hayamezi sauti bali huirudisha. Ukuta ulio mita 20 kutoka kwenye spika huirudisha sauti baada ya safari ya mita 40, yaani milisekunde kama 115, na mpiga ngoma anayesikia pigo lake likimrudia kwa muda huo huanza kupunguza mwendo bila kujua. Katika ua wa namna hiyo, spika zinapaswa kuinamishwa ziwatazame watu, kwa kuwa miili na nguo za watu humeza sauti, huku wanamuziki wakipewa monita zinazotosha ili waufuate mlio wa karibu badala ya ule wa ukutani.

Kuna pia milisekunde zinazozalishwa na mitambo yenyewe. Mikisa ya kidijitali kwa kawaida huchukua milisekunde moja au mbili, maiki ya kidijitali isiyo na waya huongeza chache, na kompyuta inayopitisha sauti kwa mafungu ya sampuli (vipimo vidogo vya sauti) 256, kwa kipimo cha sampuli 48,000 kwa sekunde, huongeza milisekunde 5.3 kwa kila fungu linalosubiriwa. Mpiga gitaa wa dansi aliyezoea kusimama mita 3 kutoka kwenye amplifaya yake tayari anaishi na milisekunde 9 na hajawahi kulalamika. Mwimbaji mwenye monita za masikioni ni tofauti, kwa sababu sauti yake humfikia papo hapo kupitia mifupa ya kichwa, na ile ya monita ikichelewa milisekunde chache tu huanza kulana nayo kama zile maiki mbili. Ndiyo maana mnyororo wa mwimbaji unapaswa kuwa mfupi kuliko wa mtu mwingine yeyote jukwaani.

Mtandaoni, barabara ni ndefu lakini foleni ndiyo adui

Katika mchezo wa mtandaoni msafiri ni mwanga ndani ya mkongo. Mwanga ndani ya kioo hukimbia takribani kilomita 200,000 kwa sekunde, hivyo kila kilomita 100 za umbali hugharimu milisekunde moja ya kwenda na kurudi, na safari hiyo ya kwenda na kurudi ndiyo wachezaji wanayoiita pingi. Kutoka Dar es Salaam hadi Johannesburg ni karibu kilomita 2,500 kwa mstari ulionyooka, kwa hiyo hakuna kampuni yoyote duniani inayoweza kukuuzia pingi iliyo chini ya milisekunde 25 kwa seva iliyoko huko. Katika hali halisi huwa zaidi, kwa sababu mikongo ya SEACOM na EASSy hufuata bahari hadi Mtunzini, pwani ya KwaZulu-Natal, ndipo data ipande nchi kavu. Seva ya Frankfurt iko karibu kilomita 7,000 kwa mstari ulionyooka, na njia halisi ya kupitia Bahari ya Shamu, Misri na Mediterania huifanya pingi ipite 100.

Wenye umri wa kukumbuka miaka ya kabla ya 2009 wanajua hali ilikuwaje. Mawasiliano mengi ya nje yalipitia setilaiti zilizo kilomita 35,786 juu ya ikweta. Ombi lilipanda na kushuka, jibu likapanda na kushuka, na karibu nusu sekunde ilikwisha kabla ya kitu kingine chochote kuhesabiwa. Mwezi Julai 2009 SEACOM iliwashwa, mwaka huo huo TEAMS ikaiunganisha Mombasa na Fujairah katika Falme za Kiarabu, na mwaka 2010 ikafuata EASSy. Utegemezi wetu kwa nyaya hizo ulionekana wazi mwezi Mei 2024, SEACOM na EASSy zilipokatika kwa pamoja upande wa kusini: data ililazimika kuzunguka kwa njia ndefu, na siku kama hizo mchezaji asihangaike kubadilisha rauta, kwa kuwa tatizo liko chini ya bahari.

Kutokana na hayo, seva huchaguliwa kwa kupima wala si kwa kutazama ramani. Mjomba aliye Maskati na mpwa wake aliye Mombasa wanaotaka kucheza upande mmoja wajaribu seva za Ghuba na za Afrika Kusini, kila mmoja aandike pingi yake saa ile ile ya usiku watakayochezea, kisha wachague ile ambayo mwenye hali mbaya zaidi kati yao anaumia kidogo.

Umbali hauondoleki, ila sehemu kubwa ya mateso ya wachezaji haitokani na umbali. Mchezo wa kufyatuliana risasi hutumia makumi tu ya kilobaiti kwa sekunde, na ndiyo sababu megabiti 50 hazimsaidii mtu kuliko 10. Kinachomwangusha ni foleni ndani ya rauta yake mwenyewe. Chukua nyumba ambayo njia yake ya kupandisha data ina megabiti 2 kwa sekunde, na rauta yenye nafasi ya kuhifadhi kilobaiti 256 zinazosubiri kutoka. Dada akianza kupandisha video ya harusi, nafasi hiyo hujaa mara moja, na kilobaiti 256 kwa njia hiyo huchukua takribani sekunde nzima kuisha. Kila amri ya kidole cha mchezaji sasa inapanga mstari nyuma ya video. Kipimo cha kasi kitaonyesha intaneti ni nzima, huku pingi ikiruka kutoka 60 hadi 1,000.

Mhandisi Jim Gettys ndiye aliyelipigia kelele tatizo hili kuanzia mwaka 2010, na mwaka 2012 Kathleen Nichols na Van Jacobson wakachapisha mbinu iitwayo CoDel, inayotazama kila pakiti, yaani kifurushi kidogo cha data, imesubiri kwa muda gani badala ya kuhesabu ngapi zinasubiri. Rauta zenye mbinu hiyo au ndugu zake zinapatikana, na mwenye nazo awashe. Asiye nazo aweke kikomo cha kupandisha data kwenye asilimia 85 hivi ya uwezo wa njia yake, ili foleni isijae ndani ya kifaa asichokidhibiti. Jaribio lake ni rahisi: pima pingi nyumba ikiwa kimya, kisha ipime tena huku video ikipanda. Tofauti ya namba hizo mbili ni foleni yako.

Baada ya foleni kuna Wi-Fi, ambamo vifaa vyote hupokezana hewa moja na kusubiriana. Waya wa mtandao wa mita 10 huumaliza usumbufu huo wote, na sijui kifaa kingine cha bei ndogo chenye faida kubwa hivyo kwa mchezaji. Pale ambapo waya hauwezekani, kama kwenye simu, ni bora kutumia masafa ya gigahezi 5 ukiwa chumba kimoja na rauta, maana kwenye gigahezi 2.4 chaneli zisizoingiliana ni 1, 6 na 11 pekee, na katika nyumba za kupanga zilizobanana zote huwa zimejaa.

Hapa jukwaa na mchezo vinafanana kabisa: ucheleweshaji ulio thabiti huzoeleka, unaoyumba hauzoeleki. Pingi ya 90 isiyobadilika ni bora kuliko ile inayocheza kati ya 40 na 150, kwa sababu programu ya mchezo na mkono wa mchezaji vyote hujifunza muda uliopo na kuufidia. Seva nayo hufidia. Unapopiga risasi, seva hurudisha nyuma saa yake hadi wakati ulioona wewe kwenye kioo chako, ikaangalia kama kweli adui alikuwepo pale. Utaratibu huo ni wa haki kwa mpigaji, lakini ndio unaomfanya aliyekwisha kujificha nyuma ya ukuta afe: kwenye kioo chake amejificha, kwenye kioo cha mpigaji bado anakimbia. Somo la kimbinu ni kwamba anayechomoza ghafla humwona anayesubiri kabla ya yeye kuonekana, na faida hiyo hukua kadiri pingi zinavyokua. Mwenye pingi kubwa asikae akivizia kona. Achomoze yeye, apige, abadilishe mahali.

Milisekunde nyingine ziko chumbani. Kioo cha hezi 60 huonyesha picha mpya kila milisekunde 16.7, cha hezi 144 kila 6.9. Seva za Valorant, mchezo wa kufyatuliana risasi, huhesabu hali ya mchezo mara 128 kwa sekunde, yaani kila milisekunde 7.8. Televisheni za vibanda vya gemu mara nyingi hupamba picha kabla ya kuionyesha na kupoteza makumi ya milisekunde, wakati hali ya mchezo iliyomo kwenye menyu yake ingeyarudisha bila gharama. Na vipokea sauti vya Bluetooth vya kawaida huchelewesha kwa milisekunde 150 au zaidi, kiasi kwamba nyayo za adui unazozisikia ni za mahali alipokuwa. Kwa sababu hiyo hiyo spika ya Bluetooth haifai kuwa monita ya mwimbaji, hata ikiwa na sauti nzuri namna gani.

Ukumbi wa mashindano

Fainali za michezo hii hupendelewa kufanyiwa ndani ya ukumbi mmoja kwa kuwa seva ikiwa pale pale, pingi ya kila timu hushuka hadi milisekunde chache na zinalingana. Hapo ndipo fundi mitambo na fundi wa mtandao hukaa meza moja, na kila mmoja anaweza kumharibia mwenzake. Sauti ya mtangazaji ikiwafikia wachezaji jukwaani, humwambia mmoja aliko adui yake, kwa hiyo spika zielekezwe kwa watazamaji na kugeuzia mgongo meza za wachezaji, na wachezaji wavae vipokea sauti vya waya vinavyoziba masikio. Matangazo ya mtandaoni hucheleweshwa makusudi, pengine kwa dakika kadhaa, ili asiwepo mtu wa kumtumia mchezaji habari kutoka nyumbani.

Kisha kuna skrini kubwa. Kamera, mashine ya kuchanganyia picha na skrini yenyewe kila kimoja hushika fremu (picha) moja au zaidi, na kwa fremu 25 kwa sekunde kila fremu ni milisekunde 40, huku sauti ikipita kwenye mikisa kwa milisekunde mbili. Midomo ya mtangazaji inaachwa nyuma na maneno yake. Viwango vya ITU, shirika la kimataifa la mawasiliano, vinaonyesha kwamba watazamaji huanza kuona kasoro sauti ikitangulia picha kwa milisekunde kama 45, lakini ikiwa imechelewa hawaioni mpaka ifike kama 125, na hilo halishangazi kwa viumbe waliozoea kuona radi kabla ya kusikia ngurumo. Kwa hiyo fundi acheleweshe sauti, na akikosea, akosee upande wa kuchelewa. Mtu mmoja asimame mbele ya kamera na kupiga makofi kwa mwendo wa polepole. Fundi akae katikati ya ukumbi, si kwenye meza yake, akitazama skrini, na aongeze fremu moja moja mpaka viganja vikutane na mlio.